Hasira za Kufumia Vitambaa

Jumatatu, 14 Julai

Nimesema uongo mkubwa. Nimeusema kwenye simu, mbele ya mume wangu Mayige, nikiwa nimeshika mwiko.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alipiga simu asubuhi kutoka Nkololo. Akamwambia Mayige amesikia Kabula ameacha ziwa. Mtoto akiacha ziwa anakwenda kwa bibi yake, ndivyo alivyokua Mayige mwenyewe, ndivyo walivyokua wote. Jumapili anakuja kumchukua. Mayige akajibu, sawa mayu, yaani sawa mama. Sawa mayu! Kama mtu aliyeombwa kuazimisha jembe!

Nikamnyang'anya simu. Nikapiga goti, ingawa hanioni, nikamsalimia vizuri, mwangaluka mayu. Halafu nikasema mtoto atabaki, mimi nipo, namlea. Akauliza nipo nikifanya nini. Akaanza kunihesabia: shule niliishia kidato cha pili, cherehani nilijifunza nikaacha, sweta ya Kabula ina mkono mmoja mpaka leo. (Ni kweli. Tulienda nayo kliniki hivyohivyo, nesi akauliza kama mtoto ameteguka.) Mtu asiyemaliza kitu, akasema, kulea atamalizaje?

Hapo uongo ukatoka wenyewe. Nikasema nina kazi mimi! Nakufumia vitambaa vya yale makochi yako mapya, mayu. Vyote sita. Vimebaki kidogo tu.

Nikamsikia jogoo wa Nkololo ndani ya simu.

Akasema vizuri. Jumapili akikuta vitambaa sita, vinafanana kama mayai ya kuku mmoja, atajua kwa mwanaye kuna mwanamke, na mtoto atabaki. Asipovikuta, nguo za Kabula ziwe kwenye begi.

Sijaanza hata kimoja. Lakini leo mpaka Jumamosi ni siku sita, na vitambaa ni sita. Mungu mwenyewe kapanga!

Nimekimbilia dukani kwa Imrani kuchukua uzi mweupe. Mkewe Muzdalifa ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Naye anafuma. Vya kwake vinalingana vyote, anavikunja, anaviweka kwenye nailoni. Simpendi sana siku za kufuma.

Nimekaa mlangoni na kroshia yangu, nimefuma ua la alizeti huku nasaga meno. Eti kulea atamalizaje! Kitambaa kimekwisha kabla ya kupika cha jioni. Kizuri! Kimekaza, kimenyooka, kama sahani.

Jumanne, 15 Julai

Mayige kaniambia kweli yote asubuhi, akifunga kamba za viatu ili asinitazame. Alishamwahidi mama yake tangu kwenye palizi ya pamba. Tangu palizi! Mimi nakaa na mtoto, najua ni wangu, kumbe ameshagawiwa kama mbegu!

Akaenda zake jineri, kiwanda cha pamba, kubeba marobota. Nikachukua uzi. Kila nikivuta, nasema palizi. Palizi. Palizi.

Kitambaa cha pili kimetoka sawa na cha kwanza. Nimeviweka kimoja juu ya kingine, kingo zimekutana. Mapacha! Nikaenda navyo kwa Muzdalifa nikijifanya naomba chumvi. Akavitazama kimoja kimoja, akasema hongera Mama Kabula, leo mkono umekubali. Nikamwambia mkono siku zote ulikuwa unakubali, ni watu tu hawakuwa wanaangalia.

Jumatano, 16 Julai

Nimerogwa au nini?

Jana jioni Mayige alirudi na nywele zimejaa manyoya ya pamba kama babu wa watu, na mkononi ana sato wawili kutoka Nassa. Akaomba msamaha. Akasema hata yeye hataki mtoto aende, ila mbele ya mama yake mdomo unakuwa mzito, tangu akiwa mdogo uko hivyo. Kisha akamwogesha Kabula mwenyewe. Akamkausha mpaka katikati ya vidole.

Leo nimeamka nimechangamka. Nikafuma naimba. Kabula kanikalia miguuni anachambua dagaa, kila mkubwa akimpata ananiletea mdomoni. Siku nzuri kabisa!

Kitambaa cha tatu kilipokwisha nikakiweka juu ya wale mapacha. Ungo! Yaani ungo wa kupepetea mchele! Uzi uleule, kroshia ileile, mizunguko ileile, nimehesabu na kurudia.

Nikampelekea Muzdalifa. Akakivutavuta kwa vidole, akacheka peke yake. Akauliza jana nani kaniletea samaki. Nikauliza samaki anaingiaje hapa. Akasema mkono wangu unakwenda na moyo. Nikinuna, nakaza uzi, kitambaa kinakuwa kidogo. Nikifurahi, nalegeza, kinatanuka. Wengine huwa hivyo. Eti yeye mwenyewe hajawahi, yeye moyo wake umetulia tu. Kwa hiyo shoga, akasema, wewe ukitaka vitambaa sawa, nuna wiki nzima.

Alidhani anatania. Mimi nimelichukua.

Nimefumua ungo. Uzi wote nimeurudisha kwenye bonge. Sasa natafuta hasira.

Mayige aliporudi, nikampa ugali umeungua. Akala. Akakwangua chungu, akasema ukoko wa leo mtamu. Nikamwambia timu yake ni ya mabua. Akasema ndiyo, msimu huu hawana kitu. Nikamwambia ana masikio makubwa. Akashika masikio yake, akacheka, Kabula naye akashika ya kwake, wakacheka wawili.

Mwanaume gani huyu? Watu wanagombana kwa kijiko!

Nikakasirika kwamba sikasiriki! Nikarukia uzi haraka, hasira isipoe. Nikafuma mizunguko miwili imekaza vizuri mno. Ndipo Kabula akaja kunishika shavu kwa mikono yenye ugali, akaniita mama yangu. Ikaisha. Kilichofuata kimelegea kama chandarua.

Nimepata ungo mwingine.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango mpya. Nimemwomba Muzdalifa anitukane.

Akakataa. Kafunga leo, na akinitukana saumu yake inaharibika. Nikamwambia ni tusi la msaada, halihesabiwi. Akafikiri sana. Akasema basi atasema ya kweli tu, ya kweli si tusi.

Akaanza kwa adabu. Uwanja wangu haufagiwi pembeni. Nikasema ongeza. Sufuria zangu nyeusi chini. Nikasema hizo ni kuni, ongeza jamani! Ndipo akasema anavyoona yeye mimi naogopa kumaliza, maana kitu kikiisha watu watakipima. Kikibaki nusu naweza kusema kingekuwa kizuri.

Nikasubiri hasira. Haikuja. Nikaona tu macho yamejaa. Nikamshukuru, nikaondoka, nikafuma huku machozi yanadondokea kwenye uzi.

Sasa nimegundua huzuni nayo ina saizi yake! Si sahani, si ungo. Ni kitu cha katikati, upande mmoja umevimba, mwingine umeingia ndani. Kabula amekivaa begani, akasema ni kanga.

Ijumaa, 18 Julai

Achana na moyo. Leo nimetumia nguvu.

Nimezungusha uzi mara mbili kwenye kidole ili ukaze wenyewe. Nimefuma sina furaha wala hasira, kama ng'ombe anayelima. Kidole kimevimba, kimekuwa chekundu kama nyanya. Na kitambaa? Kimekaza mpaka kimekataa kulala chini. Kimejikunja, kimesimama. Ni kofia! Mayige alipokiona kakivaa, akauliza kama anaweza kwenda nacho kazini, jineri kuna vumbi.

Muzdalifa kasikia nikipiga kelele, akaja. Akasema ana nafasi kesho, anaweza kunifumia viwili, na mkono wake haubadiliki. Nilikaribia kukubali. Halafu nikamtazama Kabula amelala na kidole changu kilichovimba amekishika ngumi nzima. Nikasema hapana, ahsante. Nikimbakiza mtoto kwa mkono wa mtu mwingine, atakuwa amebaki kwangu au kwake? Muzdalifa akasema maneno hayo ni mazuri lakini hayavishi makochi.

Neno hilo lilikuwa la kweli.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka na akili! Kama siwezi kupunguza ungo, si nivute zile sahani ziwe ungo? Unachovya kitambaa kwenye uji mwepesi wa muhogo, unakivuta, unakibana kwa mawe, kikikauka kinabaki vilevile. Fundi wetu wa zamani wa cherehani alikuwa akifanya hivyo, ila yeye hakuvuta sana.

Mimi nimevuta sana. Nimetandika mapacha wangu juani, juu ya mkeka, mawe pembeni. Nikaongeza sukari kidogo kwenye uji ili vikauke vigumu. Nikaingia ndani kumvalisha Kabula.

Mbuzi wa mwenye nyumba. Sijui niandike nini zaidi. Mbuzi alilamba uji, akaona sukari, akaendelea. Nilipotoka alikuwa amebakiza ua la katikati, linaning'inia mdomoni kama sigara. Nilimkimbiza mpaka kwenye mnara wa simu, watu wa bodaboda wakamshangilia yeye.

Pacha mmoja amepona. Hesabu yangu ya vitambaa sita ni hii: sahani moja, ungo mmoja, kanga ya Kabula, na kofia.

Sikuweza kufuma tena. Nimefua nguo za Kabula. Nimezianika. Nimezikunja. Sijaziweka kwenye begi. Nimeliweka begi karibu nazo tu.

Jumapili, 20 Julai

Mama mkwe kafika na kuku hai na mfuko wa michembe, viazi vitamu vikavu. Nikapiga goti, mwangaluka mayu. Akaitika, akamnyanyua Kabula, akampima uzito kwa mikono kama anayenunua. Akaketi. Akasema haya, tuone.

Nikavitandaza chini. Mayige kasimama dirishani anatazama nje, ambako hakuna kitu.

Akavitazama muda mrefu. Akasema anaona vitatu na kofia. Akauliza kipi ni cha kochi gani, maana kwake hana kochi lenye kichwa. Nikasema mayu, kulikuwa na mbuzi. Akasema daima kunakuwa na mbuzi. Akamgeukia Mayige: lete begi.

Na Mayige akaenda kulishika.

Jamani! Hasira niliyoisaka wiki nzima, ikaja yote kwa pamoja, imepanda kutoka kwenye nyayo! Lakini mkwe hapigiwi kelele. Mkwe hatazamwi machoni. Nikakaa chini pale pale mbele ya miguu yake, nikachukua kroshia, nikaanza kitambaa, nikaongea na uzi.

Nikauambia uzi kwamba mtoto si boga, kila apitaye achume. Nikauambia kwamba huyu hapati usingizi bila kushika kidole changu, na nani Nkololo anajua ni kidole kipi? Nikauambia kwamba ndiyo, siachi kuacha, nimeacha shule, nimeacha cherehani, lakini huyu sijamwacha hata siku alipoumwa surua na mimi naumwa malaria, nilimbeba natetemeka! Kama kuna kitu kimoja nitakimaliza duniani ni huyu, na hajaisha, amefika hapa tu, kiunoni! Sauti ilikuwa inapanda. Sikuinua macho.

Hakuna aliyefungasha. Kuku kalala. Mama mkwe katafuna michembe, anatazama vidole vyangu. Kabula kashuka kwake, kaja kunikalia mguuni.

Nikakata uzi. Nikakiweka juu ya pacha aliyepona. Kingo zikakutana.

Mayige akaliacha begi. Akasema, kwa sauti ndogo lakini tuliisikia wote: mayu, mtoto anabaki. Nadhani alishangaa mwenyewe, maana alishika mdomo.

Mama mkwe akakivuta kitambaa, hakikuvutika. Akasema alipoambiwa mwanaye kaoa mtoto wa kidato cha pili, alidhani ameoa mpole, na mpole hawezi kulinda mtoto. Leo amesikia. Hata majirani wamesikia. Mtoto abaki na mama yake.

Nililia! Nikamkumbatia miguu, akaniambia niache, namchafulia kanga.

Halafu akasema jambo moja. Yeye alikuja kukaa na mjukuu. Mjukuu haendi, basi bibi anabaki. Na makochi hayataki tena vitambaa, sasa anataka shuka la kufuma la kitanda kikubwa, maua matupu, yote saizi moja. Siku nitakayomaliza, ndiyo siku atakayorudi Nkololo.

Nikamwambia mayu, hiyo ni wiki mbili tu.

Mayige akakohoa sana, sijui vumbi.

Jumanne, 22 Julai

Nimeanza shuka. Ua la kwanza limekaa vizuri. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda karibu yangu, ananiambia nakaa vibaya, nashika vibaya, uji wa mtoto umejaa maji. Ua la pili limekaza zaidi. La tatu nimelifumua, nitalirudia nikipata nafasi.

Nilipomwambia Muzdalifa wiki mbili, akashikilia ukuta. Akacheka mpaka Imrani akatoka dukani kuuliza nani kafa. Wivu. Anajua nikimaliza shuka zima kama hili wateja wote watahamia kwangu.

Na ili mama mkwe asiondoke mikono mitupu siku hiyo, leo nimemwanzia pia shali ya safari. Ya rangi tatu. Nimemwahidi vitakwisha pamoja.

Mayige ndiye simwelewi. Jioni kaja na mkokoteni, kashusha kitanda cha mama yake. Cha mninga, kina droo chini, na godoro jipya. Kisha akaanza kupima ukuta ili aongeze chumba. Kitanda kizima cha mninga, kwa mgeni wa wiki mbili! Nimemwambia angeazima mkeka tu.