Mfuko wa Kanzu Nyuma ya Mfarishi

Jumatano, 9 Oktoba

Tumefika Istanbul! Mimi, Ibtisam mke wangu, na furushi la vitambaa ambalo watu wa forodha walilipekua kana kwamba nimeficha mtu ndani. Nimealikwa rasmi. Tamasha la mifarishi, yaani wanawake kutoka kila mji na mablanketi yao ya viraka, na katikati yao fundi wa mahema kutoka Cairo, yaani mimi. Nitakaa kibandani, nitashona mbele za watu. Jumamosi kuna mashindano. Utepe wa dhahabu wa mshindi ni wangu, nimeshaamua hata pa kuutundika: juu ya mlango wa duka langu, ukitazamana na duka la Lutfi, ili kila akiinua macho auone.

Doa moja tu. Lutfi, fundi mwenzangu, naye amealikwa. Maisha yetu yote tumetazamana uchochoro mmoja, na leo tumekaa safu moja kwenye ndege, yeye na Samiha wake. Akanipa pipi ili masikio yangu yasizibe. Nikaikataa. Yakaziba.

Bi Nermin, mwenye tamasha, ametupokea kwa heshima zote. Akatupa tiketi mbili za meli ya wageni: Jumamosi saa nne asubuhi, inavuka mlango wa bahari mpaka upande wa Asia, chai na keki humo humo. Lutfi na Samiha wamepewa pia, nadhani kwa huruma. Ibtisam alizishika tiketi zetu kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Ni kweli, tangu fungate nimemwahidi meli. Kwanza ilikuwa Aswan, halafu Aleksandria, halafu mambo yakaingiliana. Akaniambia bila kupandisha sauti:

"Baba Hani, nikirudi Cairo safari hii sijapanda meli, sindano yangu usiitegemee tena dukani kwako."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana nusu ya kazi ya duka hupita mikononi mwake. Tiketi nimezitia kwenye mfuko wa kanzu yangu ya mistari. Hakuna benki iliyo salama kuliko mfuko ule.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku mbaya, lakini nimeidhibiti.

Kwanza, huku hagusi mtu kazi ya mwenzake bila glavu nyeupe. Mimi nilishika mfarishi wa bibi mmoja kuona uzi wake, nikapigwa kofi mkononi kama mtoto aliyeiba sukari. Mbele ya wageni! Sisi kwetu kitambaa kisichoshikwa hakinunuliwi.

Pili, Bi Nermin ananiambia kazi yangu ni nzuri ajabu, itundikwe kibandani, ila kwenye mashindano haiwezi kuingia. Mfarishi lazima uwe na tabaka tatu: kitambaa cha juu, cha chini, na kitu laini katikati, na mshono upite zote. Yangu ni viraka juu ya turubai. Mbili tu. Nikamweleza kwamba hema la Misri likitiwa pamba, wageni wa harusi wataiva ndani kama viazi. Alicheka mpaka akashika meza. Sheria ikabaki pale pale.

Lutfi anasema hashindani. Eti amekuja kuona mji. Uongo mtupu! Nani anaondoka Cairo kwenda kutazama majengo? Ana njama, na njama yake nitaijua. Nikamwambia Ibtisam afuatane na Lutfi na Samiha kila waendako, awe jasusi wangu, ili mimi nipate nafasi ya kufikiri. Alikubali haraka sana, hata viatu alikuwa ameshavaa. Huyo ndiye mke.

Taarifa ya jasusi, jioni: kuba kubwa zinazopandana, paka wanene wanaolala popote, mkate wa samaki darajani, na Lutfi alitokwa na machozi kidogo ndani ya msikiti. Kuhusu njama, hakuna kitu. Nikamwambia kesho aongeze umakini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nina akili! Lazima niiandike hapa, maana hakuna mwingine wa kuniambia.

Jasusi ameondoka asubuhi kwenda kasri la masultani. Mimi nimebaki hotelini na tatizo la tabaka la tatu. Nikaangaza chumbani. Nyuma ya mlango: shali ya sufi ya Ibtisam. Laini, pana, ukubwa ule ule wa kazi yangu. Oktoba hii nani anasikia baridi?

Nikavaa kanzu ya mistari, kwa sababu suruali hainiruhusu kukaa kifundi. Nikakunja miguu kitandani kama ninavyokaa dukani, nikaweka kazi mapajani: turubai chini, shali katikati, viraka juu. Nikashona. Nikaenda kuswali Ijumaa nikiwa na suti, nikarudi, nikavaa kanzu, nikashona tena. Sindano ilikuwa nzito, nikasema ndiyo utamu wa tabaka tatu.

Nikakata uzi. Nikasimama. Kazi nayo ikasimama!

Nilikuwa nimejishonea kanzu. Paja zima la kulia, mfuko na kila kitu, limeshikwa na mshono wa fundi asiyejua kushona legelege. Kufumua kungechukua mpaka kesho, na tamasha linapokea kazi za mwisho leo jioni. Nikachukua mkasi mkubwa, nikaikata kanzu pembeni mwa mshono. Nikawa huru. Nyuma ya kazi pamebaki kipande cha mistari, basi. Nani anatazama nyuma? Nyuma ya hema hutazamwa na punda tu.

Kanzu nimeisukuma chini ya kitanda. Kazi nimeipeleka kwa Bi Nermin. Ameihesabu kwa vidole, tabaka tatu, akaipokea. Kusema haki ni nne.

Ibtisam alirudi akaulizia shali. Nikasema pengine imepelekwa kufuliwa. Akaulizia tiketi. Nikasema ziko mfukoni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeona mengi leo. Niandike kwa utaratibu.

Ibtisam alikuwa amevaa tangu alfajiri, amekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba magotini. Nikainama kuchukua tiketi. Kanzu ipo. Mfuko haupo! Pamebaki tundu la kupitisha mbuzi. Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa Lutfi. Nikamkuta chakulani nikamwita mwizi mbele ya zeituni zake. Akatafuna, akameza, akatoa tiketi zake mbili akaziweka mezani. "Fundi Shawki, hizi ndizo zangu. Zako zitakuwa ulikoziweka." Wahalifu hawakosi jibu.

Meli saa nne, majaji saa tatu, ukumbi uko karibu na gati. Tukaenda wote. Majaji wenye glavu wakafika kwenye kazi yangu, wakaitazama mbele, wakatikisa vichwa kwa furaha. Halafu wakaigeuza. Wanageuza! Hakuna aliyeniambia kwamba wanawake hawa husoma kazi kwa mgongo wake.

Nyuma pale, kipande cha kanzu ya mistari. Mfuko mzima. Kwenye mdomo wa mfuko, pembe za tiketi mbili zinachungulia. Na ukingoni, nyuzi za shali zimening'inia.

"Shali yangu," alisema Ibtisam. Akasogea karibu. "Na tiketi zetu."

Jaji mkuu akauliza maana yake. Hapa ndipo nilipojionea fahari. Sikupepesa macho. Nikasema: kanzu ni mume, shali ni mke, na tiketi ni ahadi inayowaunganisha. Bi Nermin alitafsiri. Mama mmoja akafuta chozi kwa glavu. Wakaleta utepe wa dhahabu! Wakaubandika! Ila wakatangaza kwamba kazi iliyopata utepe haiguswi mpaka tamasha lifungwe kesho.

Ibtisam alinitazama. "Kata mfuko, Baba Hani. Twende."

Nikamnong'oneza kwamba meli zipo kila siku na utepe ni mmoja. Hakubishana. Akanyoosha mkono, nikadhani anataka kunishika. Akachomoa mkasi wangu kiunoni, akakata mara mbili, mfuko ukawa kiganjani mwake. Alimwomba Bi Nermin radhi, na Bi Nermin akampisha kama anavyopishwa bibi harusi. Mlangoni akageuka, akaninyooshea tiketi moja.

"Unakuja au huji?"

Nilitaka kwenda. Naapa nilitaka. Lakini majaji walikuwa wameanza kuteta juu ya utepe! Nikasema tangulia, nakuja sasa hivi. Nikawaeleza majaji kwamba tundu nalo ni maana: ahadi imetimizwa. Wakapenda sana. Nilieleza vizuri mno, nikaeleza tena.

Nilipofika gatini meli ilikuwa katikati ya maji. Ibtisam yuko ukingoni, amejifunika upande mmoja wa shali ya Samiha, Lutfi ameshika birika. Nafasi ya tiketi yangu imekaliwa na yule bibi wa glavu aliyenipiga. Nikapunga mkono. Ibtisam akapunga, au alikuwa anafukuza ndege wa baharini. Nilisikia kitu kifuani. Nadhani ni mkate wa asubuhi.

Jumapili, 13 Oktoba

Tamasha limefungwa. Majaji wameamua: kazi ilikamilishwa na ule mkato wa mwisho, kwa hiyo utepe umeandikwa jina la aliyekata. Mwaliko wa mwakani pia ni wake, na mwenza mmoja amtakaye. Nimempongeza. Nikamuuliza mwenza atakuwa nani. Akasema bado anafikiri. Anapenda utani, mke wangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Cairo. Ibtisam ni mtu wa neno lake. Tangu jana anashonea duka la Lutfi, amekaa benchi moja na Samiha, wanachora vigae vya lile kasri na kucheka. Utepe ameutundika juu ya mlango wa kule. Kila nikiinua macho nauona.

Uchochoro mzima unanipa pole. Wacha wanipe! Jioni Ibtisam akirudi nyumbani namuuliza mambo ya kule, naye akitia chumvi kwenye mchuzi ananiambia leo Lutfi kanywa chai, leo Lutfi kanunua uzi wa kijani. Nayaandika yote. Lutfi maskini hajui kwamba nimempandikizia jasusi ndani ya duka lake, na wala simlipi.