Damu Yangu Ndiyo Kipimo

Leo nimeaibika, jamani. Tena si aibu ya chumbani. Aibu ya stendi ya Ruangwa, mchana kweupe, nikiwa na koti jeupe na glovu mkono mmoja. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu (mji wenyewe mdogo, midomo mingi).

Mnajua kazi yangu ni maabara. Siku hizi tunapima kimeng'enya kimoja kinaitwa G6PD. Kimo ndani ya damu, kinazisaidia chembe nyekundu kuitumia sukari ili ziweze kujilinda. Ukiwa nacho cha kutosha, huna shida. Ukiwa nacho kidogo, unaweza kuishi miaka sabini bila kujua, mpaka siku upewe dawa fulani ya malaria, ile ya kuizuia isirudi. Hapo chembe zinapasuka, mkojo unatoka mweusi, na usipowahiwa unazikwa. Ndiyo maana mgonjwa hamezi kitu mpaka nimpime mimi. (Mimi! Mungu awasaidie.)

Sasa mashine yetu inasoma kasi tu, kwamba kimeng'enya kinafanya kazi haraka kiasi gani. Haijui kama kasi hiyo nzuri au mbaya. Lazima uilinganishe na damu ambayo inajulikana iko kamili, na hiyo, damu ya mfano, tunaletewa kwenye kichupa, kinakaa kwenye friji. Jana jioni nikaja na juisi yangu ya mabibo, dumu la lita tano, nikakuta friji limejaa. (Najua hairuhusiwi. Msinianze.) Nikatoa kiboksi kimoja nikakiweka mezani, mara moja tu, nipange vizuri. Dumu likaingia. Nikafunga friji, nikafunga mlango, nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi nafika, kiboksi kiko pale pale mezani. Na ndani yake kile kichupa, kimelala kwenye joto la Ruangwa usiku kucha. Kimekwisha. Na saa nne anakuja Dokta Siwema kutoka mkoani kukagua, na akiandika kwamba hufai, hufai.

Mtu mwenye akili angepiga simu akasema ukweli. Mimi nikajiangalia. Miaka thelathini na nne, sijawahi kulazwa, Jumapili nacheza beki. Damu gani tena naitafuta? Nikajitoboa kidole, nikaisomesha mashine damu yangu, nikaandika kwenye daftari: damu ya mfano, asilimia mia moja.

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa Mzee Chilumba, mkulima wa ufuta kutoka Likunja, malaria inamrudia rudia. Yeye Mmwera, mimi Mngoni niliyezaliwa Nachingwea, kwa hiyo ni mtani wangu, hatukutani bila kurushiana maneno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wangoni mmeacha kuiba mbuzi, sasa mnatoa damu?"

"Leo nakupima kwa damu ya Kingoni. Ukiifikia, wewe ni mwanaume."

Benchi zima likacheka. Nikapima. Asilimia mia moja na nne! Nikamwandikia KAWAIDA, herufi kubwa, nikapigia na mstari. Akapewa vidonge vyake dirishani, akaambiwa ameze akishakula. Akaondoka anajisifu kwamba amempita Mngoni kwa pointi nne.

Nikaingia kwenye sampuli kumi na mbili zilizoletwa kutoka Kiegei. Wa kwanza: mia mbili na tisini. Nikasema mashine imepata wazimu. Wa pili: mia tatu na tano. Wa tatu: mia tatu na thelathini! Nikakaa kitini. Mtu anakuwaje na mara tatu ya damu kamili? Mnajua nilijijibu nini? Korosho. Nikasema hawa wa Kiegei wanakula korosho nyingi. (Diploma ninayo jamani, iko ukutani.)

Saa nne kamili Dokta Siwema kaingia. Hakukaa. Akachukua daftari, akasoma, akarudia kusoma.

"Hawa wa mia tatu ni watu?"

"Ni watu wa Kiegei, Dokta. Nafikiri ni lishe."

"Damu ya mfano iko wapi?"

"Ni... ni mimi, Dokta."

"Wewe?"

"Kile kichupa kiliharibika. Lakini mimi niko vizuri. Si unaona hapo, nimejipima, mia moja."

"Umejilinganisha na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Hapo nikasikia nilichosema. Yaani maneno yametoka mdomoni, yakanirudia masikioni, nikayaelewa kwa mara ya kwanza. Dokta akafungua kiboksi chake cha barafu, akatoa kichupa kipya. "Rudia. Anza na wewe."

Nikajitoboa kidole tena. Mashine ikahesabu dakika zake. Nilikuwa naitazama ile namba kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Thelathini na moja.

Mimi! Beki wa Jumapili! Kimeng'enya hakifiki hata theluthi! Tukarudia wa Kiegei watatu: tisini, tisini na nne, mia moja na mbili. Watu wazima wa afya zao, hawana tatizo lolote. Nikaanza kucheka kidogo, nafuu imenijia, kumbe korosho hazihusiki. Dokta akaweka kidole kwenye mstari wa mgonjwa wa kwanza.

"Na huyu wa mia moja na nne?"

Kicheko kikanikatika. Tukapima ile damu yake iliyobaki. Thelathini na mbili.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka, Dokta."

"Na dawa?"

"Na dawa."

Sikusubiri aseme kingine. Nikapiga simu huku natoka. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Inaita, anakata! Nikakumbuka alisema anakwenda kula kwa Mama Zuhura, yule mamantilie wa stendi, kisha apande bodaboda arudi Likunja. Ameze akishakula. Ndivyo alivyoambiwa. Nikapiga hesabu: ameondoka kama nusu saa, ugali unaliwa kwa dakika ngapi?

Nikakimbia. Jamani nilikimbia! Sokoni nimepita katikati ya mafungu ya nyanya, mama mmoja ananiita mwizi, mwingine anasema muacheni ni daktari, wa tatu anasema basi ni daktari mwizi. Nilikuwa naomba dua zote ninazozijua. Kichwani namwona yule mzee kitandani, na karatasi yangu pembeni imeandikwa KAWAIDA. Nilitaka kulia.

Nafika kwa Mama Zuhura, benchi zimejaa. Mzee Chilumba huyo hapo katikati. Sahani tupu. Mkono wa kushoto glasi ya maji. Mkono wa kulia kidonge, kinapanda mdomoni.

"USIMEZE!"

Nikaruka. Nikampiga mkono, kidonge kikarushwa juu, kikatumbukia kwenye bakuli la mchuzi wa samaki lililokuwa mbele ya kondakta mmoja wa basi la Lindi. Chubwi! Watu kama ishirini, vinywa vimejaa chakula, wanaangalia mtu wa koti jeupe aliyepiga kelele usimeze.

Kondakta akatema. Jirani yake akatema. Benchi zima likaanza kutema! Mama mmoja anatapisha watoto kwa kidole. "Sumu! Chakula kina sumu!"

"Hapana! Hakuna sumu!" napiga kelele, pumzi sina.

Mama Zuhura akatoka jikoni na mwiko. Mama yule mnamfahamu mwili wake.

"Nani amesema chakula changu kina sumu?"

"Hakuna, mama. Samahani, mama. Chakula ni salama kabisa."

"Salama?"

"Salama, mama."

Akachukua lile bakuli la kondakta, akalisukuma mbele yangu mpaka mchuzi ukanirukia kwenye koti. "Kula basi. Watu wote wanakuona. Kula."

Nikaliangalia bakuli. Kidonge kimeshaanza kuyeyuka mle ndani. Na katika stendi nzima ya Ruangwa, watu ambao nina uhakika hawatakiwi kuugusa ule mchuzi ni wawili tu: Mzee Chilumba na mimi.

"Siwezi, mama."

"Mnaona! Hata yeye mwenyewe hali!"

Basi nikasimama juu ya benchi (ndiyo, juu ya benchi), nikaeleza. Kwamba chakula ni kizuri. Kwamba kosa ni langu. Kwamba kidonge kile kingeweza kumuua mzee, na mimi ndiye niliyemwandikia yuko sawa, kwa sababu nimempima kwa damu yangu, na damu yangu yenyewe mbovu. Na mara ya pili nilipotaja mzee kufa, machozi yakanitoka kweli. Mbele ya makondakta!

Nikashuka nikapiga goti. "Mzee wangu, nisamehe. Nimekupigia simu mara nne."

"Niliiona," akasema. "Nikasema huyu Mngoni anataka kudai zile pointi zake. Nikakata."

"Umemeza kingapi, mzee?"

Akahesabu vilivyobaki kwenye bahasha kimoja kimoja, taratibu, mimi roho iko mkononi. "Hicho ulichokirusha kilikuwa cha kwanza."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Dokta Siwema alifika nyuma yangu kwa bodaboda. Akazichukua dawa, akamweleza mzee kwamba atapangiwa utaratibu mwingine chini ya uangalizi, akamlipa Mama Zuhura bakuli la mchuzi. Kwangu alisema maneno machache: kesho saa mbili, maelezo kwa maandishi, yote, usiruke kitu. Sijui kama keshokutwa nitakuwa na kazi.

Mzee Chilumba ndipo akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu, akajifuta machozi kwa kofia, kila nikidhani amemaliza ananiangalia anaanza upya. Mama Zuhura amechukia, watu wananisonya, mimi nimekaa kwenye vumbi namsikiliza anavyocheka, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Kwa hiyo yeye ana ruhusa, anicheke mpaka achoke. Nyie wengine, nisione hata kiemoji kimoja hapo chini.