Utupu wa Mkubwa Hautazamwi

Ijulikane kwa watu wote, wanaokojoa kwa raha na wanaokojoa kwa machozi, kwamba enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kupita Dodoma kuelekea Tabora, Serikali ilifungua katika nyanda zetu kavu Chuo cha Kifalme cha Njia ya Mkojo. Kilikuwa cha kwanza Afrika nzima, na labda cha mwisho. Mimi niliyekuwa Karani Mkuu wa chuo hicho nathibitisha. Jina la boma letu nalisitiri, maana waliokuwapo wana wajukuu. Tuseme lilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ya Dodoma, ukishika njia ya Makutupora.

Mtu atauliza nilipataje ukarani mkuu. Kwa elimu! Kwetu Tabora nilisoma Kurani mpaka karibu na mahali panapokuwa pagumu, nikatoroka na msafara wa pembe. Mpwapwa nilisoma Injili kwa wamisheni, nikaondoka Yesu akiwa bado mzima. Tanga nilisoma hesabu kwa Wadachi. Nilijua kujumlisha, kutoa sikufika. Bwana Mkubwa wa boma akasema inatosha, serikali hujumlisha tu.

Daktari wetu aliitwa Kestner, mtu mwembamba aliyependa kibofu kama wengine wanavyopenda farasi. Zamani mzee akizibwa mkojo alilazwa kivulini, tumbo likavimba, watu wakaanza kuulizana habari za sanda. Daktari alileta mpira mwembamba wa kupitisha mkojo, na kimrija cha chuma chenye taa ndogo nchani. Ukikiingiza unachungulia kibofu kama mwizi anavyochungulia ghala. Wanafunzi walijifunza kwanza kwa kibofu cha ng'ombe kilichojazwa maji, na kwa kuwa chuo kilikuwa cha Mdachi, walijifunza kwa gwaride.

"Mpira, chemsha! Mpira, paka mafuta! Mpira, polepole... mbele!"

Mwenye mkono mwepesi kuliko wote alikuwa Sostenes, Mgogo wa Miyuji, mtu mzima mwenye mke na ndevu. Wazee walioletwa kwa machela walirudi kwao kwa miguu, wakisimama kila penye kichaka kwa furaha tu ya kuweza.

Siku moja Bwana Mkubwa alikuja kukagua. Mgonjwa akaingizwa, shuka ikafunuliwa, na Sostenes akaruka dirishani akatokomea na mpira mkononi.

"Amepatwa na nini?" akauliza Bwana Mkubwa.

"Yule mgonjwa ni baba mkwe wake, Bwana Mkubwa," nikasema. "Hapa mtu hatazami utupu wa mkwewe. Akiutazama, ni laana."

Jambo lilikuwa dogo. Daktari akanawa mikono, akamhudumia mzee mwenyewe, na Sostenes akarudi kwa mlango. Ningenyamaza, lakini mimi na kunyamaza hatukuwahi kukaa nyumba moja. Nikaongeza: "Ni desturi ya heshima, Bwana Mkubwa. Kama wenyeji wanaogopa utupu wa mkwe, sembuse utupu wa serikali?"

Bwana Mkubwa akanitazama kama mtu aliyeokota lulu jalalani. Wiki ile ile ikatoka Amri ya Heshima ya Utupu: mdogo wa cheo asitazame wala kugusa utupu wa mkubwa wake. Atakayekosa, hamsa-ishirini za kiboko, yaani ishirini na tano. Niliiandika mimi, kwa hati nzuri, na nikaifurahia. Ilipelekwa Dar es Salaam, huko wakaipenda, wakaipiga mhuri iwe ya nchi nzima. Mimi nikapewa tarbushi nyekundu yenye tai wa shaba.

Mke wangu Mwantum, Mrangi wa Kondoa aliyeuza uji mbele ya hospitali, aliitazama ile tarbushi kwa muda.

"Sasa wewe ni mkubwa?"

"Baada ya Bwana Mkubwa na Daktari, ni mimi."

"Na wewe usiku unaamka mara ngapi kwenda nje, ukasimama huko ukinung'unika kama unasali? Siku ukizibwa, nani atakugusa?"

"Daktari."

"Haya. Muombee asisafiri."

Daktari akasafiri. Aliitwa Dar es Salaam kwenye Kamati ya Maendeleo ya Vibofu, aeleze jinsi chuo kinavyoendelea vizuri asipokuwapo. Alipopanda treni tu, nami nikazibika.

Sitaeleza maumivu yale. Nilikuwa nimebeba pembe kutoka Ujiji, sikuwahi kubeba mzigo kama ule. Nikajikokota mpaka chuoni nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta sindano.

"Sostenes, mwanangu, mpira!"

"Shikamoo, Bwana Karani Mkuu," akasema, akasimama kama askari. "Utupu wa mkubwa hautazamwi. Hati ni yako."

"Sostenes, nakufa!"

"Ukifa nitakulilia. Nikikugusa nitalia mwenyewe." Kisha akakuna ndevu. "Lakini wewe si Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, ndiyo!"

"Mimi Mgogo. Sisi si watani? Ukifa leo, nani atakuosha na kukuvua nguo huku akikutukana? Mimi. Kati ya watani hakuna mkubwa wala aibu. Lala hapo, mbeba mizigo wee! Umebeba meno ya tembo nchi nzima, kikombe kimoja cha mkojo kimekushinda!"

Alinitukana tangu mpira ulipochemshwa mpaka ulipofika. Maji yakatoka. Sijapata kusikia kinubi cha mbinguni, lakini nadhani hupigwa kwenye ndoo ya bati. Sostenes akachukua tarbushi yangu, haki ya mtani, akatoka nayo kichwani. Mwantum akamwona, akacheka mpaka uji ukaungua.

Ikaja sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari. Bwana Mkubwa alikunywa bia tangu asubuhi, na kwa heshima ya Kaisari alisimama wima juani kupitia hotuba zote, ambazo nyingine alizitoa mwenyewe. Kutoka kwenda pembeni kungekuwa uhaini. Hotuba zilipokwisha na ruhusa ikapatikana, kibofu kilikataa amri.

Mchana wake aliniita ofisini. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, uso umekuwa rangi ya ukuta wa tembe.

"Daktari?"

"Bado yuko kwenye Kamati, Bwana Mkubwa."

"Sostenes."

"Ni mdogo wako, Bwana Mkubwa. Hapa kila mtu ni mdogo wako."

"Amri hii niifute!"

"Ina mhuri wa Dar es Salaam."

Tukapeleka Dar es Salaam simu ya maandishi. Jibu likarudi: SUBIRI. JAMBO LINAJADILIWA. Jua lilikuwa bado juu, na tumbo la Bwana Mkubwa lilikuwa limekaza kama ngoma. Sote tulijua kibofu kikipasuka hakishonwi. Nikamwita Sostenes. Akasimama mlangoni, akakataa kuvuka kizingiti.

"Nitakupa ruhusa!" Bwana Mkubwa akasema.

"Leo, ndiyo. Ukipona utaikumbuka amri. Mgongo ni wangu," Sostenes akajibu. "Labda ungekuwa mtani wangu."

"Utani ni nini?"

Nikatumia elimu yangu yote. "Ni mkataba wa mataifa, Bwana Mkubwa. Watu waliopigana zamani wakishapatana, hawaoneani aibu tena wala hawakasirikiani, milele."

Bwana Mkubwa akainua kichwa kwa shida. "Je, sisi Wadachi tumepata kupigana na Wagogo?"

"Mlichoma nyumba ya babu yangu," akasema Sostenes, "mkachukua ng'ombe wote, hata ndama."

"Vizuri sana!" akapiga kelele Bwana Mkubwa, na sijapata kumwona Mdachi mwenye furaha kama ile. "Basi tu watani! Andika, Karani!"

"Utani hauandikwi," Sostenes akasema. "Mtu hutaniwa, akacheka. Akinuna, hakuna kitu." Akaingia, akamzunguka mgonjwa polepole. "Tazama Mdachi huyu! Nchi yetu kavu, mvua hatuioni, naye amekuja kutoka ng'ambo kutufungia maji yote tumboni mwake! Kamua, mwizi wa ng'ombe, mashamba yanakauka!"

Bwana Mkubwa alinitazama, akaitazama picha ya Kaisari ukutani, kisha akasema, "Ha."

"Hicho si kicheko, ni kikohozi."

"Ha! Ha ha! Ha ha haa!" akacheka Bwana Mkubwa, machozi yakimtiririka.

Sostenes akachemsha mpira, akapaka mafuta, akaingiza polepole, kwa mkono mwepesi kama wa mtu anayetoa mwiba wa mtoto. Matusi hayakukoma, na maji yakaja, yakajaza ndoo. Bwana Mkubwa akalala usingizi mezani. Sostenes akaondoka na helmeti nyeupe ya mtani wake, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Miyuji na Kizota, kwamba Wadachi ni watani.

Asubuhi yake palikuwa na baraza. Watu walikuja wengi kuliko siku zote, na walikuja na watoto. Bwana Mkubwa akatoka kichwa wazi, mzima, mkali kama kawaida.

"Waambie," akasema, "kesho wanaume wote kazi ya barabara, bila posho!"

Nikatafsiri. Baraza zima likapasuka kwa kicheko.

"Lo, mtani huyu!" akasema kikongwe mmoja akijifuta macho. "Bila posho, anasema!"

"Waambie, asiyekuja atapigwa hamsa-ishirini!"

Nikatafsiri. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akapanda barazani, akambonyeza Bwana Mkubwa tumboni kwa kidole, akawageukia wenzake: "Leo liko laini!" Askari mwenye kiboko alikuwa ameegemea nguzo, mabega yanamcheza.

Bwana Mkubwa alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Karani, waambie kwamba mimi sitanii!"

Nikawaambia. Hapo ndipo walipoanguka chini.