Nilivyomlilia Kenge wa Argentina

Jamani, leo nimejidhalilisha mbele ya wanaume wa ukoo mzima, na mmoja wao alikuwa anarekodi.

Mnanijua, miguu yangu haitulii. Nilitoka Malindi kwa basi, nikalala kwa wakala Nairobi mpaka nikazoea kunguni wake, nikapanda ndege ya kwanza, nikaisubiri ya pili nimekaa sakafuni, nikashushwa Riyadh na begi moja. Tangu hapo ni dereva wa baba, ndivyo tunavyomwita tajiri wetu, mtaa wa Al-Murabba. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Pasipoti yangu na huruji, ile ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, vyote alikuwa navyo baba. Mama kule nyumbani ameshapaka chokaa chumba changu. Ilibaki kazi moja tu.

"Athumani, nenda Jeddah uniletee tegu. Halas, ukirudi unasafiri."

Tegu ni mjusi. (Mjusi gani! Urefu wa mkono wangu, na mkia juu yake.) Wauzaji wa Riyadh humwita waral wa Argentina, na kwa jina hilo refu wanataka mishahara yangu miwili. Jeddah wanamwita tegu tu, mshahara mmoja. Kwetu Malindi angeitwa kenge, na bei yake jiwe. Akiingia bandani kwa kuku unarusha, mnaachana.

Nilimchukua jana sokoni Balad, kulekule Jeddah, kwa muuzaji mmoja Myemeni.

"Usiseme waral," akanionya. "Ukisema waral watakupa wa jangwani, na huyo hata bure hana mnunuzi. Na joto la gari lisimuue. Mteja wangu mmoja alifikisha maiti."



Alfajiri nikaondoka, kenge yuko kizimbani kiti cha nyuma, ananitazama kwenye kioo na kunitolea ule ulimi wenye ncha mbili. Nikamwelekezea AC yote. Msimu wenyewe wa baridi, nimevaa makoti mawili, meno yanagongana, lakini yeye asipate joto! Kila alipokwaruza kizimba nilisoma kila dua ninayoijua. (Sijui nyingi. Nilirudia.)

Tulipoimaliza milima ya Taif, kimya. Nikaingia kituo cha mafuta, nikachungulia. Macho yamefungwa. Nikamgusa kwa mswaki. Amekakamaa, baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Nikampigia Wambui, dada wa Nyeri anayefanya kazi za ndani pale kwa baba.

"Wambui, amekufa."

"Nani? Baba?"

"Kenge!"

"Woi! Kenge wa baba? Na huruji yako?"

"Ndiyo nakuuliza!"

"Sasa skiza. AC usizime, asinuke. Ukifika, lia. Lia vizuri. Huyu mzee hawezi kuangalia mwanaume akilia."

Basi nikaendesha jangwa lote na maiti nyuma yangu, baridi ileile, nikihesabu miezi nitakayomfanyia kazi mjusi. Nilimwona mama amekaa peke yake kwenye kile chumba cha chokaa. Machozi ya mazoezi yakageuka ya kweli.

Nafika, nakuta baba kaalika wajomba na binamu waje kumwona tegu. Majlis, ile sebule ya wageni, imejaa, makaa yanawaka katikati. Nikaingia nimembeba marehemu ndani ya kikoi changu kipya cha safari. Nikamlaza taratibu karibu na makaa, kwa heshima. Nikapiga magoti.

"Baba, mali yako imeniponyoka. Siku yake ilifika, pale Taif. Hakuteseka."

Mjomba mmoja, mzee mnene, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikaona mambo yanakwenda. Nikaongeza sauti.

"Alikuwa mpole, baba! Njia nzima hakunisumbua! Nikate mshahara, lakini niruhusu nikamwone mama yangu!"

 Wengine wakafunika midomo kwa shemagh zao, vile vitambaa vya kichwani. Nikajua nimewagusa. Kijana wa pembeni akainua simu. Mimi nikainamisha kichwa mpaka zuliani, nikalia kwa kwikwi.

Kitu kikanilamba sikio.

Nilipofumbua macho, marehemu alikuwa ananitazama. Kumbe baridi ya AC ilimlaza tu! Makaa yamempasha, anatafuta joto zaidi, na joto la karibu lilikuwa kola ya koti langu. Akaanza kupanda!

"Mamaaa!"

Nasema ukweli, sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka sinia la tende likipaa. Nilipopata akili nilikuwa nimemng'ang'ania yule mjomba mnene shingoni, miguu yangu iko hewani, kenge kalala kwenye kikoi changu kama amekilipia.

"Athumani," mjomba akasema kwa upole, "shuka, mwanangu. Mimi ni mgonjwa wa mgongo."

Baba alicheka mpaka akalala ubavu. Kisha akatoa pasipoti, huruji ikiwa ndani.

"Riyadh wangenidai mara mbili," akasema, akifuta macho, "na wasingemlilia hivi. Yalla, nenda kabla hajafa tena."

Sasa niko uwanja wa ndege, mlango wa kuondokea, sirudi tena. Kikoi nimemwachia kenge. Wambui kaniambia video imeshafika Malindi, mama kaiona, kauliza kama yule mnene ameumia. Ndege inatua Mombasa asubuhi. Mnaokuja kunipokea, nawaomba kitu kimoja tu: nikitokea pale mlangoni, mtu asiniinamie na kuanza kulia.