Kibao cha Ishirini cha Mzee Foong

Siku Chow Peng-lam aliposikia kwamba Mzee Foong, tajiri wa dawa za mitishamba pale mjini Ipoh, ana vibao kumi na tisa vya shukrani za wagonjwa waliopona ukutani dukani na ukuta bado una nafasi, aliuza jino lake la dhahabu. Ndio mtaji wote aliokuwa nao duniani. Akachongesha kibao cha ishirini, akakodi ngoma na fataki. Kisha akakausha figili moja nene, akailoweka kwenye maji ya sukari guru, akaibandika vindevu vya mizizi kwa gundi, ikawa ginseng ya miaka mia, ule mzizi wa dawa unaouzwa bei ya dhahabu. Nimeiona kwa macho yangu; hata aliyeipanda asingeitambua.

Saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwa mzee.

"Baba, dawa yako ilimfufua mama yangu," alisema Peng, machozi yakitii amri. "Pokea kibao. Na huu mzizi wa babu zetu, uwafae wagonjwa wa zahanati yako ya bure."

Mzee aliunusa, akamtazama, akaunusa tena. "Mali kama hii siichukui hivihivi, mwanangu." Akatoa bahasha nyekundu ya pesa, nene kama tofali.

"Unanionea, baba. Mama ana bei?"

Kwetu mwenye adabu hukataa mara mbili, ya tatu hupokea. Anayepokea mara ya kwanza, watu humwona ana njaa.

"Shika bwana, usinitie aibu."

"Hata uniue, sishiki," alisema Peng, kiganja kikianza kufunguka chenyewe kungoja ya tatu.

Mzee Foong akairudisha bahasha ndani ya joho. "Basi. Mtu mwenye msimamo hivi sitamlazimisha."

Mtaa ukapiga makofi.

"Lakini baba, kama roho yako haijatulia..."

"Imetulia kabisa."

Kuondoka nako hakukuwezekana. Mgeni wa heshima lazima ale. Wakamketisha zahanati, katikati ya wagonjwa arobaini, kila mmoja na bakuli la supu ya mbavu za nguruwe.

"Vindevu tumevitoa," mzee alimnong'oneza, akimwongezea mchuzi. "Mpishi anasema hajaona ginseng inayoiva upesi namna hii. Ukipata nyingine, lete, wagonjwa wameipenda. Ila wauza mboga wetu huingilia mlango wa nyuma."