Kisu cha Mkono Mmoja kwa Mzee Kilonzo

Kinuthia hakuwa mwizi, tusimkosee heshima. Mwizi huchukua kitu chako wewe ukiwa hujui. Kinuthia alichukua kitu chako na wewe mwenyewe ukamsaidia kubeba. Siku hiyo ya soko pale Kathonzweni, akiwa ameegemea pikipiki yake nyekundu, mali pekee aliyokuwa nayo chini ya jua, alimwona mtu mwenye sura ya kusaidia kubeba.

Alikuwa mzee Kilonzo, mwenye kundi la mbuzi wa Galla, weupe na wanene, wa kukufanya umeze mate. Mzee alikuwa ameshika kamba ya beberu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anapigana na kisu cha kukunja. Kisu kilikataa kufunguka. Akakiuma kwa meno, akavuta. Wapi! Mwishowe akaachilia kamba ili atumie mikono yote miwili, na beberu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipita katikati ya nyanya za akina mama akaenda zake.

"Pole sana, mzee wangu," Kinuthia akasema, tayari ameshafika. "Lakini shida yako si mbuzi. Shida yako ni mkono."

"Mkono umefanya nini?"

"Kisu chako kinataka miwili, na mbuzi anataka mmoja. Sasa wewe uko na mitatu?"

Mzee Kilonzo akatazama mikono yake kana kwamba anaihesabu. Kinuthia akamvuta hadi kwenye kiti cha pikipiki, akatandaza leso, akatoa mfukoni visu vinne. Watu wakaanza kusogea, maana Kathonzweni hakuna mtu hupita onyesho la bure.

"Hii ya kwanza ni Njia ya Chunusi. Mnaona hako kachunusi kwenye ubavu wa kisu? Kidole gumba kinasukuma, tak! Ya pili ni Njia ya Tundu. Gumba linaingia kwa hili tundu, linazungusha, tak! Ya tatu ni Mkia. Hapa nyuma kuna kamkia, unakavuta na kidole cha shahada, kisu kinaruka chenyewe. Na hii ya nne, jamani, mwenye roho nyepesi asogee kando. Hii ni Kitufe." Akabonyeza. Kisu kikachomoka, na mama mmoja akaita jina la Yesu.

"Hiyo chunusi itateleza," akasema jamaa mwenye mahindi ya kuchoma. "Ukishachinja mbuzi wa kwanza, vidole ni mafuta matupu."

"Na tundu si litajaa hayo mafuta?"

"Mafuta yanapanguswa. Kitufe kikiingia mchanga utapangusa na nini?"

"Nyinyi wote hamjui kitu. Mkia ndio mambo yote!"

Haikupita muda soko likawa na chama cha Chunusi na chama cha Mkia. Watu hawakuwa wamekosana vile tangu uchaguzi wa kamati ya josho la ng'ombe, na mimi sisemi hivyo kwa mzaha, kwa sababu ule uchaguzi ulivunja ndoa.

Katikati ya makelele Kinuthia akamnong'oneza mzee sikioni. Kampuni inatafuta wakala mmoja tu, Wakala Mkuu wa Mkono Mmoja, kuanzia hapa hadi Tseikuru. Pesa haitakiwi. Inatakiwa dhamana ya heshima, kama vile mbuzi kumi wa Galla, kisha wakala anapewa katoni nzima ya visu, ambayo haifunguliwi hadi siku ya uzinduzi. Kulikuwa na sababu nzuri ya kutoifungua. Ndani ya katoni kulikuwa na vipini vitupu. Makali ni gharama, na Kinuthia alinunua makali ya visu vinne tu.

Mzee Kilonzo akainua katoni, akaipima uzito, akaiweka chini polepole.

"Kijana, mimi sijakataa. Lakini kisu kufungukia hewa, hata wewe unajua si kitu. Kuja kesho nyumbani na beberu. Umshike na mkono mmoja, ufungue na huo mwingine, uchinje mbele ya wazee. Njia itakayoshinda ndiyo nitachukua uwakala wake."

"Si hapa uko na mabeberu?"

"Wangu wananijua, watatulia. Huo utakuwa mtihani gani? Leta wako. Na majike wawili."

"Majike ya nini tena?"

"Beberu akitembea peke yake analia njia yote. Anafika amechoka, nyama inakuwa kamba."

Mkamba yeyote akiambiwa beberu mmoja na majike wawili angeuliza swali moja, nalo si la nyama. Lakini Kinuthia alizaliwa Emali na wazazi waliotoka Murang'a, na Kikamba chake kilikuwa cha kuagiza chai. Yeye aliona mbuzi watatu wakivuta mbuzi kumi, akaona ni hesabu tamu.

Mbuzi hakuwa nao. Akaenda kwa Kiama, mwenye bucha pale Emali, akaweka pikipiki rehani. "Kesho jua likizama sijakurudishia mbuzi wako, pikipiki ni yako," akasema kwa madaha.

"Unawapeleka wapi?"

"Kwa mzee Kilonzo wa Kathonzweni."

Kiama alikohoa kidogo. "Chagua wazuri," akasema. "Chagua, chagua, usione haya."

Kesho yake mchana Kinuthia aliingia kwa mzee Kilonzo na mbuzi wake, na katoni begani. Wazee walikuwa wawili, Musyimi na Gedion, majirani ambao sifa yao kubwa ya uzee ilikuwa meno mazima. Nduku, binti wa Kilonzo, mwanamke mrefu mwenye kitenge kipya, alimletea kiti na kusimama karibu na zizi.

Mtihani ukaanza. Kinuthia akambana beberu kwa mkono wa kushoto, akajaribu Chunusi. Gumba lilikuwa na jasho, likateleza. Akajaribu Mkia. Beberu akarusha teke, kidole kikakosa, kisu kikaanguka kwenye mavi. Akabonyeza Kitufe. Mchanga ulikuwa umeingia, basi kisu kikatoka nusu, kikasimama, kikarudi ndani kama mtu aliyechungulia akaona wageni asiowapenda. Beberu alikuwa ameanza kumwonea huruma. Ndipo Kinuthia akashika kile cha mwisho, gumba likaingia tunduni, kikazunguka, tak!

"Tundu!" Musyimi akapiga kelele. "Nilisema!"

"Hukusema," Gedion akamwambia. "Ulisema Mkia."

Beberu akachinjwa, akachomwa, akaliwa. Katikati ya ubavu wa pili, Musyimi akapangusa mdomo na kuuliza kwa upole, "Kijana, umekuja hapa kwa hiari yako?"

"Kwa hiari kabisa, mzee."

"Hakuna mtu amekusukuma?"

"Nani anisukume? Kitu kizuri hakihitaji kusukumwa."

"Na kile unachotaka katika hii boma, umekiona?"

Kinuthia akatazama zizi. Nduku alikuwa amesimama hapo mbele yake, lakini macho ya Kinuthia yalimpita yakatua kwa wale Galla weupe. "Nimekiona na nimekipenda."

"Utakitunza?"

"Mimi? Nitalala nacho mlango mmoja!"

Wazee wakacheka hadi Gedion akapaliwa. Mzee Kilonzo akasimama na kurekebisha kofia. "Basi mmesikia wenyewe. Mkwe wangu amekubali."

"Mkwe gani?" Kinuthia akauliza.

"Wewe. Umeleta beberu na majike wawili kwa miguu yako, umechinja, tumekula. Hiyo inaitwa ntheo. Hapo ndipo msichana wetu anakuwa bibi ya mtu. Sasa tuongee mahari iliyobaki."

Hapa lazima niseme ukweli, nisije nikaitwa mbele ya wazee wa kweli. Ntheo halisi huja na wazazi wa mume, na jamaa wa pande zote mbili, na mazungumzo ya heshima. Mzee Kilonzo yeye alikuwa ameazima ile sehemu yenye nyama tu.

"Mimi nimekuja kuuza visu!"

"Wa kwanza alikuja kuuza sola," akasema Musyimi.

"Wa pili dawa ya viwavi," akasema Gedion. "Na wa tatu alikuwa pasta, nafikiri."

"Wote wakwe wangu," mzee Kilonzo akasema kwa majonzi. "Wakisikia habari ya mahari wanakimbia. Lakini majike wao hawakukimbia. Wamebaki, wamezaa, Mungu ni mwema."

Kinuthia akalitazama tena lile kundi. Kumbe alichokuwa anakitamani ni mali ya matapeli wenzake! Hasira ikampanda, na nyuma yake ikaja akili. Wanataka akimbie? Hakimbii ng'o. Mkwe anayekaa boma moja na mbuzi atakosaje kuondoka nao?

"Sawa, baba," akasema, akaketi vizuri. "Nipeni bibi yangu. Mimi siendi popote."

Hili halikuwa limewahi kutokea. Wazee wakatazamana, na Musyimi akarudisha mfupa kwenye sinia. Nduku peke yake hakushtuka. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

"Karibu sana, mume wangu. Tunachimba matuta huko chini, mvua iko karibu. Na pole, hili halina chunusi wala tundu. Ni la mikono miwili."

Akachimba. Alichimba akihesabu mbuzi akilini, na Nduku ameketi kivulini akimwonyesha na kidole mahali tuta limepinda. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Ilipofika saa kumi na nusu alikumbuka jua, akakumbuka Kiama, akakumbuka pikipiki. Mbuzi kumi watamngoja siku nyingine. Akalitupa jembe na kutimua mbio kupitia mbaazi za watu ili akamwombe Kiama muda, katoni ameiacha, visu ameviacha.

Nyuma yake alisikia mzee Kilonzo akipumua kwa sauti. "Huyu alikuwa amenitisha, kweli."

Alikuwa bado yuko mbali na lami, viatu mkononi, jua limeshaingia, aliposikia injini anayoijua vizuri kuliko sauti ya mama yake. Pikipiki nyekundu ilikuwa inakuja polepole, Kiama juu yake, amevaa shati la Jumapili.

"Kiama! Ndugu yangu! Nipe hata hadi kesho! Nilikuwa nimeshafika karibu, tayari nilikuwa nimeoa pale!"

"Najua," Kiama akasema bila kuzima injini. "Alinipigia simu. Anasema kati ya wote, wewe ndiye wa kwanza kubaki hadi ukachimba."

"Nani alikupigia?"

"Bibi yangu, Nduku. Siku za soko huwa analala kwa baba yake, naenda kumchukua." Akavuta mafuta. "Mimi nilileta ntheo na wazazi wangu wote, Kinuthia. Hakuna njia ya mkato."