Kuhusu Nyasi za Marehemu Zuberi

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Manispaa.

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka Doha, mtaa wa Al Thumama, ninakofanya kazi za nyumbani. Natumaini feni ya mahakamani imeshatengenezwa.

Ninaandika kuhusu shauri la mume wangu, Zuberi, anayeshtakiwa kwa kuacha nyasi ndefu mbele ya nyumba yetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zuberi alifariki mwezi wa Ramadhani. Nyasi zimerefuka kwa sababu aliyekuwa akizifyeka ni yeye. Alipokuwa hai alibakiza kipande kidogo karibu na bomba, kwa kuwa mimi hupenda kukanyaga nyasi nikichota maji. Kipande hicho sikitetei.

2. Shemeji yangu Rashidi alileta cheti cha kifo. Karani wako, Bi. Latifa, alimpa pole, akamwambia, "Mimi nakuamini, kaka yangu, lakini maelezo ya mshtakiwa hutolewa na mshtakiwa mwenyewe."

3. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Iddi, aliagizwa amlete mshtakiwa. Akamuuliza Rashidi kaburi liko upande gani, si kwa ubaya, bali apate kuripoti kwamba alifika.

4. Kesi iliposikilizwa kwa video nilijiunga kwa simu, nikiwa chumba cha kupigia pasi. Mheshimiwa uliniuliza kama mshtakiwa atakuwa amerudi tarehe ijayo. Nilijibu kwamba yeye hakusafiri, aliyesafiri ni mimi. Ukaahirisha shauri ili jambo hilo lichunguzwe.

Kwa hiyo naomba jina lake lifutwe. Kama sheria hairuhusu, basi ahukumiwe kuzifyeka nyasi hizo mwenyewe, maana hakuna mwingine anayejua pa kuishia. Na kama mahakama ina namna ya kumfikisha, naomba iwe Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Mazishi sikuyawahi.

Nisalimie Bi. Latifa, afisa afya aliyezipima nyasi kwa rula, na wote wanaosubiri kwenye benchi la nje.

Ni mimi, mjane wa mshtakiwa,
Rehema

Nyongeza: Mheshimiwa, nimeisoma tena barua hii. Tangu msiba, watu wa nyumbani wakinipigia simu hawamtaji, wanaogopa nitalia. Lakini siku ile ya video askari wako alisimama mlangoni, akaita "Zuberi Mfaume" mara tatu kwa sauti, kisha watu wote wakanyamaza wakimsubiri. Naomba shauri lisifutwe. Liahirishwe tena, na tarehe ijayo nitajiunga mapema.